Pumzi ya Bwana Kassim Hadi Jamhuri

Niliisikia kabla sijaiona. Nilikuwa kwenye korido, nasukuma mtungi wa oksijeni ulionizidi uzito, na nyuma ya mlango wa mwisho kitu kikavuta pumzi ndefu, kikanyamaza, kikaishusha. Kikavuta tena. Kwetu Maragoli nilikuwa nimekaa sana karibu na wahunzi, kwa hiyo nikajiambia: humu ndani kuna mvukuto, hospitali hii inajifulia visu vyake yenyewe.

Nikafungua. Nikaona sanduku la chuma la rangi ya kijani, mrija mrefu, na mwishoni mwa mrija mtu amelala, kifua chake kikipanda na kushuka kwa amri ya lile sanduku. Nikasimama na mtungi wangu kama mtu aliyeingia kanisani na baiskeli. Mzee Pereira, Mgoa aliyekuwa fundi mkuu wa mashine, hakugeuka kunitazama.

"Funga mlango," alisema. "Halafu funga mdomo. Halafu njoo usikilize."

Hivyo ndivyo nilivyoianza kazi niliyoifanya mpaka nywele zikanihama. Ninyi vijana mnaoingia leo mnakuta mashine zenye vioo vya kuwaka, zinazopiga kelele zenyewe zikikosewa. Zetu za miaka ile hazikupiga kelele. Zilinyamaza tu, na wewe ulitakiwa kuusikia ukimya huo hata ukiwa chumba cha tatu unakoroga chai. Mimi mpaka leo nikilala na mke wangu, akikawia kidogo kuvuta pumzi, naamka. Ananiambia, "Ezra, lala, hakuna zamu."

Mzee Pereira hakuwa na daftari la masomo. Alifundisha kwa sikio. Mrija ukitoa sauti ya mtoto anayemalizia soda, ujue mvuke umegeuka maji, uyamwage kabla hayajaingia kifuani kwa mtu. Mashine ikivuta kwa urahisi kupita kiasi, usifurahi. Mahali fulani mrija umechomoka na unapuliza shuka. Na spana ya kufungulia mtungi inafungwa kwenye mshipi kwa kamba, haikai mfukoni, haikai mezani.

Hili la spana nililijua kwa sababu yangu mwenyewe. Siku moja mchana umeme ulikatika, mtungi uliokuwa ukitumika ukaisha saa hiyo hiyo, na spana yangu nilikuwa nimeiacha dirishani kwenye kantini, kando ya sahani ya maharagwe. Nilishuka ghorofa tatu na kuzipanda tena bila kumbukumbu ya kukanyaga ngazi hata moja. Nilipofika, Sista Wambui, mkuu wa wodi, alikuwa amemchomoa mgonjwa kwenye mashine na anampulizia kwa puto. Puto tuliliita hivyo, lakini lilikuwa mfuko mweusi wa mpira, ukubwa wa nazi iliyofuliwa: unaubonyeza, hewa inaingia kifuani, unauachia, hewa inatoka. Hauhitaji umeme. Hata mtungi ukiisha, unavuta hewa ya chumbani na kazi inaendelea. Sista alinitazama nikihema kuliko mgonjwa.

"Leo umekimbia vizuri, Ezra," alisema. "Kesho usikimbie."

Baada ya hapo nililipenda lile puto. Nilijifunza mpaka nikawashinda wauguzi. Siri yake ni moja, aliniambia Mzee Pereira: pumua wewe mwenyewe pamoja na mgonjwa. Ukianza kuhema, umekwenda mbio. Ukianza kusinzia, umechelewa. Mkono ufuate kifua chako, na kifua chake kitaufuata mkono. Nikawa najivuna. Kijana anayejua kazi moja vizuri kuliko wenzake ni mtu wa hatari, na ninawaambia hili kwa upendo, maana ninaziona nyuso zenu.

Watu waliokuja na imani zao hawakunisumbua sana, nilidhani. Aliwahi kuja mchungaji mmoja kutoka kwetu, Biblia chini ya kwapa, akataka tuizime mashine ya kijana aliyegongwa na lori. Alisema mashine inamzibia Mungu nafasi. Mimi niliinamisha kichwa, kwa maana sauti ile nilikuwa nimelelewa nayo. Sista Wambui akamwambia, "Mchungaji, umeingia hapa na miwani. Ivue kwanza, Mungu apate nafasi kwenye macho, halafu tuzungumze juu ya mapafu." Mchungaji akaisukuma miwani yake juu ya pua, akaketi, akaomba kimya kimya kama watu wengine. Kijana yule alitoka wodini akitembea.

Hayo yalikuwa mepesi. Mgonjwa anayeweza kurudi ana mgogoro mdogo: unamngoja. Ni yule asiyerudi anayewapima watu. Na kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko la spana, nililifanya kwa mtu wa namna hiyo, siku ambayo kila mtu alinisifu.

Bwana Kassim alikuwa na duka la makufuli na bawaba River Road. Mtu wa Lamu, aliyefika Nairobi ujanani na sanduku moja, na sasa alikuwa na nyumba Jamhuri. Aliangukia dukani, nyuma ya kaunta, kufuli la mteja likiwa bado mkononi. Mshipa ulikuwa umepasuka kichwani. Tulimweka kwenye mashine siku hiyo hiyo. Siku ya sita madaktari walimtoa kwenye mashine kwa dakika chache, asubuhi na tena alasiri, kuona kama kifua kitaikumbuka kazi yake. Hakikuikumbuka. Walimulika macho yake. Mboni hazikujali mwanga.

Daktari akaiita familia kwenye chumba kidogo cha wauguzi. Walikuja watatu. Bi Mwanakombo, mkewe, mwanamke mfupi mwenye buibui na macho ya mtu anayejua bei ya kila kitu. Twalib, mwanawe wa pekee, karani wa ofisi moja ya mjini, mwenye umri wa kulingana na wangu. Na Maalim Badi, aliyefundisha madrasa nyuma ya maduka na aliyekuwa rafiki wa marehemu kabla hajawa marehemu. Mimi niliingizwa kwa sababu Bi Mwanakombo alisema, "Na yule kijana anayekaa na mashine, naye aje."

"Mume wangu amekufa au hajafa?" aliuliza.

"Ubongo wake umekufa, mama," alisema daktari. "Moyo unapiga kwa sababu mashine inampa hewa."

"Mimi sikuolewa na ubongo, daktari. Niliolewa na Kassim."

Daktari alikuwa mtu mwema. Alitazama viatu vyake, kisha akamtazama usoni. "Harudi, mama. Mashine tunaweza kuiacha ikaendelea siku kadhaa, mpaka moyo nao uchoke. Au tunaweza kuizima. Sitakulazimisha, na sitakudanganya."

Twalib alikuwa na karatasi ya kutia sahihi mbele yake. Alikuwa ameigeuza juu chini. "Mkiizima," alisema, "nani atakuwa amemuua? Ninyi, au mimi mwenye sahihi?"

Wote tukamgeukia Maalim. Alikuwa amefumba macho, nami nikadhani anatafuta aya. Alipoyafumbua, alisema kwa utaratibu, "Vitabu nilivyosomea havina umeme, Twalib. Sitajifanya kwamba vinao. Nijualo ni hili. Aliye hai, si halali kumuua. Na anayeondoka, hatukuamrishwa kumshika nguo. Baba yako yuko upande gani, hilo si la kwangu, ni la hawa wanaoujua mwili. Wakisema kweli, sahihi yako haimuui mtu. Wakisema uongo, ni juu yao."

"Na kama wamekosea tu, Maalim? Bila uongo?"

Maalim akanyamaza. Nilimheshimu kwa kunyamaza kule kuliko kwa maneno yote.

Ndipo Bi Mwanakombo aliponigeukia. "Nawe, fundi? Wewe uko naye mchana kutwa."

"Mimi ni fundi tu, mama."

"Nami ni mke tu. Sema."

Nikasema nilichokijua. Nilimwambia kwamba wagonjwa wanaorudi hugombana na mashine. Mtu anakohoa dhidi yake, anavuta pumzi kabla ya zamu, mrija unaruka, mashine inakwama na kunung'unika, na sisi tunalalamika huku tunafurahi, kwa sababu mwenye ugomvi yumo ndani. "Mzee hajagombana nayo, mama. Nimemsikiliza siku sita. Hajavuta hata mara moja."

"Miaka thelathini na moja," alisema Bi Mwanakombo, "sijaona siku ambayo Kassim alikubali kuambiwa la kufanya. Ukimwambia ale, ameshiba. Ukimwambia alale, anahesabu misumari. Sasa sanduku linamwambia vuta, anavuta. Linamwambia shusha, anashusha." Akaivuta ile karatasi, akaigeuza upande wake, akaisukuma mbele ya mwanawe. "Basi hayupo. Tia sahihi, baba."

Twalib akatia sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa karani, lakini herufi za mwisho zilianguka.

"Ila hafii hapa," alisema Bi Mwanakombo. "Kitanda chenu kinaangalia Ngong, na pazia ni la hospitali. Atafia kwake, kitandani kwake, ameelekea kibla, na mwanawe yupo sikioni."

Daktari akaeleza kwamba mashine haitoki wodini. Bila mashine, Bwana Kassim asingefika hata getini. Bi Mwanakombo alikuwa ameanza kukusanya buibui lake, na nikaona kitu kinazimika usoni mwake. Hapo ndipo nilipojitokeza na kifua changu cha umri wa miaka ishirini na saba.

"Nitampeleka mimi," nilisema. "Kwa mkono."

Wote walinitazama kama nimetoa almasi mfukoni. Bi Mwanakombo aliniombea dua pale pale. Daktari akafikiri, akakubali, akaniambia, "Mkifika, mkishamlaza, basi. Umeelewa?" Nikasema nimeelewa. Neno nililielewa.

Sista Wambui alinishika kiwiko mlangoni. "Mashine ina swichi, Ezra. Mkono wako una nini?"

"Una vidole vitano, Sista."

Hakucheka.

Tulitoka asubuhi iliyofuata, na hatukukumbuka kwamba ilikuwa wiki ya maonyesho ya kilimo kule uwanja wa Jamhuri. Ngong Road ilikuwa imejaa kuanzia juu hadi chini: malori ya mifugo, mabasi ya wanafunzi, akina mama na vikapu. Mbele yetu kulikuwa na lori limebeba fahali mmoja mkubwa, amefungwa utepe shingoni, anatutazama kwa dharau. Dereva wetu, Njoroge, alipiga honi mpaka akachoka.

"Hii ng'ombe iko na kiburi," alisema. "Inajua itapewa zawadi."

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya gari, puto mkononi, mtungi umelala kando yangu. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Bi Mwanakombo aliketi kichwani kwa mumewe, na Twalib alikaa upande wa pili, macho yake kwenye vidole vyangu.

"Ukitaka kupiga chafya?" aliniuliza ghafla.

"Napiga kati ya pumzi mbili."

Akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka. Mama yake akampigapiga goti. "Cheka tu. Baba yako kila mwaka alikuja huku kuangalia ng'ombe. Mtu wa Lamu, hajapata kufuga hata mbuzi. Anarudi nyumbani ananihutubia juu ya maziwa."

Bendi ya tarumbeta ilikuwa ikipiga mahali fulani nyuma ya miti. Nilijilinda nisiifuate kwa mkono wangu. Hilo nalo lijueni: usiruhusu muziki uingie kwenye puto. Mwendo uwe wa kifua chako. Nilikuwa imara, vijana. Nafikiri sijawahi kufanya kazi safi kuliko safari ile. Tulichukua karibu saa nzima, na midomo ya Bwana Kassim haikubadilika rangi hata mara moja.

Nyumbani Maalim alikuwa ametangulia kwa teksi. Alikuwa amekiondoa kitanda ukutani na kukizungusha ili mtu akilala ubavu wa kulia uso uelekee kaskazini. Sebule ilijaa majirani na watu wa River Road. Tulimlaza. Niliwaonyesha jinsi ya kumgeuza mtu mwenye mrija: mmoja mabega, mmoja nyonga, na mimi nimeushika mrija midomoni usivutwe. Shuka lilikuwa safi, limefukizwa udi. Uso wake uliotazama dari siku sita sasa ulitazama alikopenda kutazama. Kisomo kikaanza, sauti za chini, za watu waliozoeana.

Sasa ilikuwa zamu ya ile "basi" ya daktari.

Nikabonyeza tena. Nikajiambia, wacha kisomo kiishe. Kikaisha. Nikajiambia, wacha yule shangazi aliyeingia sasa hivi amwone. Akamwona, akamshika mguu, akatoka akilia. Nikabonyeza. Nikajiambia, wacha Twalib atulie kwanza.

Kwenye wodi nilikuwa nimezima mashine mara nyingi. Daktari anaashiria, nabonyeza swichi, sauti inakatika, nafungua njia watu wapite. Jioni nikirudi nyumbani nilisema mashine imesimama. Hata siku moja sikusema mimi nimesimama. Sasa hapakuwa na swichi. Kuzima ni tendo. Lina mwanzo wake, unaweza kuvuta moyo na kulifanya. Kutobonyeza hakuna mwanzo. Kila pumzi ilikuwa imekwisha kutolewa kabla sijapata nafasi ya kuinyima. Nilianza kuutazama mshale wa mtungi ukishuka, nikitamani uishe uamue badala yangu, hali nikijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kwamba puto halijali mtungi. Nililelewa kuamini kwamba pumzi ni ya Mungu. Na hapa nimeibeba kutoka mjini kama kifurushi, kila mtu akinisifu njiani, na sasa sijui namna ya kuirudisha kwa mwenyewe.

Sijui ulipita muda gani. Nusu saa, pengine zaidi. Chumba kilikuwa kimenyamaza, na katika ukimya ule nikasikia mwanamke mmoja karibu na mlango akimnong'oneza mwenzake, "Huyu wa hospitali haachi. Ameona kitu."

Twalib naye alisikia. Nilimwona uso ukimfunguka. Ndugu zangu, nimeona nyuso nyingi za msiba na sikumbuki iliyonitisha kama ile ya tumaini. Alikuja akapiga magoti karibu yangu.

"Bwana Ezra. Amevuta?"

"Hapana."

"Basi mbona huachi?"

Nilibonyeza puto. Yeye akalichukua lile kuwa jibu. Akasimama. "Njoroge yuko nje bado? Mwambieni asiondoke. Tunamrudisha. Mimi nilitia sahihi kwa haraka, sikufikiri. Maalim, si nilikuuliza kama wamekosea? Si nilikuuliza?" Watu wawili walikuwa wameshaelekea mlangoni.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu lote, mwanzo na mwisho wake. Kijana aliyekuwa amekwisha kumpoteza baba yake nilikuwa nimempa baba wa uongo, wa mpira, amshike kwa nusu saa, na sasa angempoteza mara ya pili. Na safari hii angeamini mpaka kaburini kwake kwamba yeye ndiye aliyemuua.

"Twalib, kaa," alisema mama yake. Hakupandisha sauti. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda muda wote, mkono wake kwenye kichwa cha mumewe. "Njoroge anywe chai." Kisha akanigeukia mimi. "Fundi, mkono unauma?"

"Hauumi, mama."

"Unaogopa?"

"Naogopa."

"Usingeogopa ningekuona mpumbavu. Lakini umekaa kimya, na kimya chako kinasema mambo ambayo huyajui. Mwambie mwanangu ulichoniambia mimi. Kassim anagombana nawe?"

"Hagombani."

"Hata kidogo?"

Nilimtazama Twalib, maana yeye ndiye aliyestahili kutazamwa. "Hata kidogo. Si jana, si njiani, si hapa. Ningeisikia mkononi, Twalib. Ingekuwa kama mtu anasukuma mlango kutoka upande wa pili. Hakuna anayesukuma. Pumzi zote hizi ni zangu."

Alisikia. Alishuka taratibu mpaka akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kama mtu aliyetuliwa gunia. Hakulia wakati ule.

"Basi chukua zako, baba," aliniambia Bi Mwanakombo, "utuachie wetu."

Mzee Pereira hakuwahi kunifundisha hili, kwa hiyo nawafundisha mimi. Ngoja hewa itoke. Usimwache mtu katikati ya kuvuta. Kifua kilishuka, kikafika chini, na mimi nikaushusha mkono pamoja nacho nikauweka gotini. Puto likajijaza lenyewe, likabaki hivyo. Twalib alipanda kutoka sakafuni, akaweka midomo kwenye sikio la baba yake, akamtamkia shahada, pole pole, akairudia. Mimi nilishika kifundo cha mkono. Moyo uliendelea kwa dakika chache, mbali, kisha mbali zaidi, kama mtu anayeondoka kwa miguu. Nilipomtazama Bi Mwanakombo alikuwa ameshajua. Alimfumba macho kwa kiganja chake, na Maalim akasema maneno ya sote kurejea kwa Mola, na chumba kizima kikayajibu.

Tangu siku ile, katika miaka yote iliyobaki ya kazi yangu, sikugusa swichi wala puto kabla ya kuuliza mbele ya watu wote: nani atasema basi, na atasema wapi? Madaktari wengine walichukia. Walisema Ezra anawatia watu huzuni kabla ya wakati. Niliwaambia huzuni ina miguu yake, itafika tu. Ninachotaka mimi isimkute mtu anadanganywa na mkono wangu. Na wakati wowote nilipopulizia mtu asiyerudi, nilisema kwa sauti, ndugu zake wasikie: hii ni pumzi yangu, hii si yake. Ni maneno magumu. Yasemeni. Swali la Twalib, kama madaktari wakikosea bila uongo, sijalipatia jibu mpaka leo, na nimekaa na wachungaji na masheikh wengi. Lakini najua kwamba mtu anaweza kuishi na swali gumu. Kuishi na jambo alilofichwa ndiko kunakomla.

Turudi Jamhuri, kulikuwa na kazi bado. Mrija ulitakiwa kutoka kabla ya kuoshwa. Niliomba maji ya moto na kitambaa, nikaanza kulowesha plasta iliyoshika shavu, kwa sababu ukiibandua kavu inaondoka na ngozi, na ngozi ya maiti haiponi tena. Twalib alinitazama, kisha akanyoosha mkono.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Kitambaa kwanza, subiri, vuta plasta sambamba na shavu, usiinyanyue. Kisha mrija: fuata upinde wa koo, usivute moja kwa moja, upeleke kama mtu anayechomoa uzi kwenye sindano. Ulitoka wote. Alimfuta baba yake mdomo, akautazama uso ule ambao kwa wiki nzima ulikuwa na kitu kigeni katikati yake.

"Huyu sasa ni yeye," alisema.

Ndoo za maji zililetwa, na kafuri, na sanda ikiwa bado imekunjwa. Wanawake walihamia sebuleni na Bi Mwanakombo. Maalim alianza kukunja mikono ya kanzu. Nilikusanya puto langu na spana, Njoroge akaja akauchukua mtungi, na Twalib akanifuata mpaka kizingitini mwa chumba, mikono yake ya shati imekunjwa hadi kwenye viwiko.

"Aliyetia sahihi ni mimi," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Ni wewe."

"Na mkono ulikuwa wako."

"Ulikuwa wangu."

"Basi tumegawana, ndugu yangu," alisema. Akanishika mkono ule ule, akaushika kwa muda. Kisha akaniachia, akarudi ndani, akaufunga mlango nyuma yangu, kwa maana baba yake alikuwa anavuliwa nguo.